Muulize Mjomba: Mchezaji aliyevaa jezi 12

Mwezi uliopita, nikimjibu msomaji aliyeuliza habari za michezo ya majira ya baridi, nilimtaja kwa mistari miwili tu Mike Sillinger, Mkanada wa hoki ya barafuni aliyechezea timu 12 tofauti za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini. Rekodi hiyo ni yake peke yake. Sikutegemea barua nyingi namna ile, kwa hiyo ukurasa wote wa mwezi huu nimempa yeye.

Kwa wasomaji wapya: nilifanya kazi miaka 11 kwenye uwanja wa barafu mjini Regina, jimbo la Saskatchewan, Kanada. Nilikuwa naendesha mashine ya kulainisha barafu, na jioni nanoa vyuma vya viatu vya kutelezea. Regina ndiko alikozaliwa Sillinger, Juni 29, 1971. Sijawahi kuzungumza naye. Lakini katika chumba chetu cha kunolea viatu palikuwa na redio ndogo, na kila jina lake liliposomwa kuwa amehamishwa tena, mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa akizima mashine ili asikie vizuri ni wapi safari hii. Mapenzi yangu kwa mchezaji huyu yalianzia hapo.

Mjomba, shikamoo. Huku kwetu mchezaji anayebadilisha timu kila mara tunamwita garasa. Huyu kapita timu 12! Si bora ungetuandikia mtu aliyeng'ara? – Mshambuliaji, miaka 19

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa mzima, kwa sababu hata mimi nilipofika kule nilifikiri hivyohivyo.

Tuanze na hesabu. Kati ya msimu wa 1990–91 na ule wa 2008–09 Sillinger alicheza mechi 1,049 za NHL, mabao 240, pasi za mabao 308. Sasa fikiria mwenyewe. Garasa linaweza kumdanganya kocha mmoja, pengine wawili. Makocha wa timu 12 hawadanganyiki wote, na hakuna anayevumiliwa mechi elfu moja katika ligi ambayo kila mwaka vijana wenye njaa wanagonga mlango.

Wewe unahesabu milango aliyotokea. Mimi, baada ya miaka ile ya kusikiliza redio, nikaanza kuhesabu milango aliyofunguliwa. Kila timu ilipomwachia, ilikuwepo nyingine iliyokuwa tayari kutoa kitu ili impate.

Kwa nini basi hakutulia? Hapa lazima nikurudishe nyuma. Akiwa kijana alichezea Regina Pats, timu ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1917, na misimu mitatu mfululizo alivuka alama 100 (kule bao ni alama moja na pasi ya bao ni alama moja). Alikuwa mfungaji hasa. Mwaka 1989, timu za NHL zilipochagua vijana wapya kwa zamu, Detroit Red Wings wakamteua wa 11 kati ya vijana wote. Lakini Detroit tayari walikuwa na Steve Yzerman katikati, na katika uteuzi uleule, raundi ya nne, wakamchukua Sergei Fedorov. Hao wawili wote wameingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo, na wote walicheza senta, nafasi yake yeye. Kijana akajikuta anapelekwa kwenye timu ndogo ya Detroit kule Adirondack, jimbo la New York, akirudishwa juu na kushushwa tena.

Wafungaji wengi wa timu za vijana huishia hapo. Wanaendelea kusubiri nafasi ya kufunga, nafasi haiji, wanaondoka na uchungu. Sillinger akajifunza kazi nyingine, na nitaieleza kwenye swali linalofuata kwa sababu ndiyo siri ya maisha yake yote ya mchezo.

Jambo la pili ni wakati aliozaliwa. Siku anateuliwa, NHL ilikuwa na timu 21. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa 30. Ottawa na Tampa Bay zilianza 1992, Anaheim na Florida 1993, Nashville 1998, Columbus 2000. Angalia majina hayo sita: zote ni timu alizokuja kuzichezea, na hakuna hata moja iliyokuwepo siku anateuliwa. Timu mpya haina historia, haina mastaa, na vijana wake wanapoteana uwanjani. Inamhitaji mtu mzima anayejua kazi. Ligi ilipotanuka, watu wa aina yake walitafutwa kila pembe.

Kisha fikiria msimu wa 2004–05, ambao haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Sillinger alikuwa na miaka 33. Wengi wa rika lake waliona mwaka huo umewamaliza, wakatundika viatu. Yeye akarudi, na msimu uliofuata, akigawanya mechi zake kati ya St. Louis na Nashville, akafunga mabao 32. Katika NHL hakuwahi kufunga mengi kiasi hicho, kabla wala baada. Mtu anafika kilele chake cha NHL akiwa na miaka 34, katika timu ya kumi na ya kumi na moja! Neno garasa, mwanangu, halimkai kabisa.

Mjomba, umesema alikuwa anahitajika. Kwa kazi gani hasa? Nimetazama mchezo huo kwenye simu, naona watu wanagongana tu. – Fundi viatu

Fundi mwenzangu, nafurahi umeuliza, maana hili naweza kulieleza hadi usiku.

Kila mchezo unaposimama na kuanza tena, senta mmoja wa kila upande anainama kwenye alama iliyochorwa barafuni, mwamuzi anakiangusha kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, katikati ya magongo yao, nao wanakigombea. Ni jambo la nusu sekunde. Linatokea mara nyingi sana katika mechi moja, na anayeshinda anaipa timu yake kisahani. Ukishindwa mara moja karibu na lango lako mwenyewe, kipa anaweza kufungwa kabla hujanyanyua kichwa.

Nusu sekunde ile ina mambo mengi ndani yake. Senta anaangalia mikono ya mpinzani: mkono wa chini umegeuzwa au haukugeuzwa? Akiugeuza, ana nia ya kukivutia nyuma. Anaangalia mkono wa mwamuzi, maana waamuzi nao wana tabia zao, yupo anayeangusha haraka na yupo anayechelewesha. Siku zile mchezaji wa timu ngeni ndiye aliyetakiwa kutangulia kuweka gongo chini, kwa hiyo mwenyeji alipata nafasi ndogo ya kumsoma. Tena Sillinger alishika gongo kwa mkono wa kulia, na masenta wa upande huo si wengi. Kocha mwenye masenta wote wa kushoto anamtafuta wa kulia kama mpishi anavyotafuta chumvi.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuzuia timu inapocheza pungufu. Mchezaji akifanya kosa anakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili, na wenzake wanabaki wanne kuwakabili watano. Mtu anayetumwa barafuni wakati huo anapaswa kuteleza bila kupumzika, kujilaza mbele ya kisahani kinachopigwa kwa nguvu zote, na akifanikiwa hakuna jina lake linaloandikwa popote. Hakuna bao wala pasi. Timu haikufungwa, basi.

Nilimwona mara moja tu kwa macho yangu. Ulikuwa msimu wake wa kwanza na Columbus, walipokwenda kucheza Calgary. Tuliondoka Regina watu wanne kwenye gari moja kabla jua halijachomoza, mwendo wa muda wa karibu saa nane barabarani, nyasi kavu na theluji kulia na kushoto. Tiketi zetu zilikuwa za juu kabisa kwenye ukumbi wa Saddledome. Wenzangu walifuata kisahani. Mimi nilimfuata yeye peke yake, na nikaona kitu ambacho televisheni haionyeshi: kabla ya kila kugombea kisahani, akiwa bado hajainama, aligeuka akawaangalia wenzake wanne mmoja mmoja na kuwanyooshea gongo, wewe pale, wewe rudi nyuma kidogo. Kisha ndipo akainama. Alikuwa katika timu ya nane, pengine majina ya wenzake ameyajifunza miezi michache tu iliyopita, na walikuwa wanamtii.

Nilirudi kazini nikawa nawatazama watoto wetu wa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwa jicho lingine. Yupo mmoja aliyekuwa akibaki barafuni mazoezi yakiisha, anamwomba baba yake amwangushie kisahani, tena na tena, hadi niwashe taa za mashine kumwambia atoke nipite.

Hicho mnachokigombea kinaitwaje hasa, na ni kweli kinagandishwa? – Mwanafunzi, kidato cha pili

Mimi nasema kisahani, maana ndivyo kilivyo: duara la mpira mgumu mweusi, upana kama sentimita 7.6, unene 2.5, uzito hadi gramu 170. Ndiyo, hugandishwa kabla ya mechi. Mpira wenye joto unadunda, ukigandishwa unateleza.

Kaka, mimi ni mke na mama. Huyo mchezaji anaulizwa kabla ya kuhamishwa, au anaambiwa tu afungashe? Na familia je? – Mama wa watoto watatu

Dada yangu, kwa kawaida anaambiwa tu. Mkataba wa mchezaji wa NHL unahama pamoja naye. Timu mbili zikikubaliana kubadilishana, anapigiwa simu, na akigoma kwenda anaweza kusimamishwa bila mshahara. Wapo wachache wenye kipengele cha kuzuia kuhamishwa bila ridhaa yao, lakini kipengele hicho hupewa mastaa na wakongwe wenye nguvu ya kukidai.

Ubaya zaidi ni wakati wenyewe. Kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na kwa miaka mingi imekuwa ikiangukia karibu na Machi. Timu zinazowania ubingwa zinaitumia kuziba mapengo, na Sillinger alikuwa kiziba pengo bora kuliko wengi. Machi 1996 alitolewa Anaheim akaenda Vancouver. Machi 2000 alitoka Tampa Bay kwenda Florida. Machi 2001 Florida ikampeleka Ottawa. Machi 2004 kutoka Phoenix kwenda St. Louis. Wewe ni mama, unajua Machi ni katikati ya mwaka wa shule kwao. Fikiria pia tofauti ya mahali: kutoka Florida, watu wanavaa kaptula, hadi Ottawa kwenye theluji, kwa simu moja.

Lakini mwaka 2003 ndio unaoniumiza kila nikiusoma. Mwezi Mei alizaliwa mwanawe Cole, mjini Columbus, ambako baba alikuwa amekaa misimu miwili kamili. Kwa mtu wa namna yake, misimu miwili mahali pamoja ilikuwa neema. Kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu, Columbus wakambadilisha baba kwenda Dallas, na Dallas, kabla hajavaa jezi yao hata siku moja, wakambadilisha kwenda Phoenix. Kwa hiyo katika orodha ya timu 12 Dallas haimo.

Sitasema namna familia ile ilivyojisikia, kwa sababu hawajaniambia. Ninachokijua ni changu. Niliishi Regina miaka 11, na minne ya kwanza wanangu wawili wakubwa walikua bila mimi, nikisikia sauti zao zinabadilika kwenye simu. Watu wanaangalia mshahara wa mchezaji na kusema analipwa vizuri, avumilie. Analipwa vizuri, ni kweli. Na bado mtoto anahitaji kujua chumba chake kiko wapi.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti, nacheza mpira wa pete. Mwaka huu nimeachwa na timu ya tatu. Kila mtu nyumbani anasema niache. Niache? – Mdunguaji

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Hujaniambia jambo moja: ulipoachwa, ulimuuliza kocha timu yake ilikosa nini? Sisemi umuulize kwa nini amekuacha, maana hapo atakupa maneno ya kukupoza. Muulize kazi gani katika timu yake haina mtu. Umejiita mdunguaji, kwa hiyo najua unapenda kufunga, na kila timu ina wanaopenda kufunga. Sillinger alifika Detroit akiwa mfungaji, akakuta wafungaji wawili walio bora kuliko yeye. Asingewazidi hata angefanya mazoezi usiku na mchana. Akatafuta kazi nyingine ambayo timu ilihitaji mtu wa kuifanya.

Katika mpira wa pete sijui mengi, na sitajifanya najua. Lakini nimeona magongo na viatu vya mamia ya vijana. Waliodumu hawakuwa wenye vipaji vikubwa peke yao. Walikuwepo pia wale ambao kocha akigeuka kutafuta mtu wa kazi chafu, macho yake yanawaendea wao kwanza. Nenda kwenye timu ya nne ukiwa umejifunza kulinda. Ukiachwa na hiyo pia, niandikie tena, tuzungumze upya.

Mjomba, unamsifu Sillinger lakini msafiri wa kweli ni Jaromír Jágr. Mbona humtaji? – Mpenzi wa michezo yote

Nakubaliana nawe kuwa Jágr amesafiri, na ni mchezaji mkubwa kuliko Sillinger kwa mbali sana. Huyu mtu wa Kladno, Ucheki, aliyezaliwa Februari 15, 1972, ana alama 1,921 katika mechi 1,733 za NHL, wa pili nyuma ya Wayne Gretzky mwenye 2,857. Alitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, na Pittsburgh 1991 na 1992, na dhahabu ya Olimpiki kule Nagano 1998. Alivaa namba 68 kukumbuka mwaka 1968, majeshi ya Kisovieti yalipoingia nchini kwao. Katika NHL amechezea timu tisa, na katikati akaenda Omsk, Siberia, misimu mitatu. Kisha akarudi kwao Kladno, kwenye timu aliyokuja kuimiliki, akaendelea kucheza hata baada ya kuvuka miaka 50. Watu waliokuwa naye wanasimulia jinsi alivyokuwa akirudi uwanjani usiku, mechi imekwisha, amejifunga vyuma vya uzito, anateleza peke yake. Mlinzi wa barafu kama mimi anamheshimu na pia anamwogopa mchezaji wa namna hiyo, kwa sababu taa hazizimwi.

Lakini safari za hawa wawili hazifanani. Jágr, miaka mingi, alichagua aende wapi, na kila alikotua alipokelewa kama staa. Wote wawili wamepita Philadelphia na Florida kwa nyakati tofauti. Mmoja alipofika Florida, jina lake lilikuwa limemtangulia. Mwingine alipofika, waliofurahi zaidi walikuwa kocha na kipa. Wapo wengine pia waliofikia timu 10, kama Michel Petit na Olli Jokinen. Kila mmoja ana habari yake. Mimi ningeweza kuandika vitabu vitatu vya Jágr na bado vingekuwepo vingine bora. Sillinger anaandikwa na nani kwa Kiswahili?

Je, alishinda kombe? – Msomaji wa siku nyingi

Kombe la Stanley, hapana.

Ukitaka kujua lilivyomkwepa, fuatana nami. Mara sita alifika katika timu mpya katikati ya msimu, timu ikaingia mechi za mtoano. Vancouver 1996 ilitolewa na Colorado raundi ya kwanza, na Colorado wakatwaa kombe. Philadelphia 1998 ilitolewa na Buffalo, raundi ya kwanza. Florida 2000 ilifungwa mechi nne kwa bila na New Jersey, raundi ya kwanza, na New Jersey wakatwaa kombe. Ottawa 2001 ilifungwa nne kwa bila na Toronto. St. Louis 2004 ilitolewa na San Jose, na Nashville 2006 ikatolewa na haohao San Jose. Zote raundi ya kwanza. Mara sita anaitwa kusaidia timu ifike mbali, mara sita mlango unafungwa kwenye kizingiti.

Halafu ziangalie timu alizoziacha. Detroit walimwachia 1995, wakatwaa kombe 1997 na 1998. Tampa Bay walimwachia 2000, wakalitwaa 2004. Anaheim walimwachia 1996, wakalitwaa 2007, mwaka ambao yeye alikuwa New York Islanders, timu yake ya 12, amefunga mabao 26 na wametolewa na Buffalo raundi ya kwanza.

Mzee wangu wa kunoa viatu alikuwa na daftari. Aliandika timu za Sillinger kwa kalamu ya wino, zilivyofuatana, na mbele ya kila moja mwaka iliposhinda kombe baada ya yeye kuondoka. Siku ya fainali ya 2007 aliandika Anaheim, akalifunga daftari, akaenda kuwasha mashine. Hakusema neno. Nami sikuona la kumwambia.

Yapo mataji mengine aliyotwaa: alikuwa katika kikosi cha vijana cha Kanada kilichotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1991, kule Saskatoon, mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka kwao, na mwaka uliofuata akatwaa Kombe la Calder la ligi ya chini na Adirondack. Msiyadharau. Ila najua ulikuwa unauliza lile kubwa.

Alistaafu lini, na sasa yuko wapi? – Mwalimu mstaafu

Mwalimu, nyonga ndiyo iliyomsimamisha. Mechi yake ya 1,000 aliicheza na Islanders mwaka 2007, timu iliyokuwa imempa mkataba wa miaka mitatu, mrefu kwa mtu aliyezoea kufungasha. Lakini nyonga ikahitaji upasuaji, na Agosti 2009 akatangaza kuacha. Baadaye alifanya kazi na Edmonton Oilers, akisimamia vijana wanaokuzwa na timu hiyo.

Yule mtoto niliyemtaja, Cole, naye alikua akawa senta. Julai 2021 ligi ilipoteua vijana, aliitwa wa 12. Waliomwita ni Columbus. Aliingia kuwachezea msimu uleule akiwa na miaka 18, katika mji aliozaliwa na ambao baba yake aliondolewa yeye akiwa bado ananyonya.